Jinsi ya kuzuia ubaguzi wa dini katika ofisi ya umma: mwongozo kwa wakuu wa idara na maafisa utumishi

Mtumishi mpya akiripoti kwenye halmashauri zetu za Kaskazini mwa Tanzania, haipiti siku nyingi kabla hajaulizwa, "Unasali wapi?" Anayeuliza mara nyingi hana nia mbaya. Pengine anatafuta mtu wa kufuatana naye kanisani Jumapili au msikitini Ijumaa. Lakini jibu likishatoka, wapo ofisini ambao wameshamweka mgeni kwenye fungu. Fungu hilo ndilo litakaloamua atakunywa chai ya saa nne na nani, habari za semina atazisikia mapema au watu wakiwa wameshapanda basi, na mkuu akienda likizo nani atakumbukwa kukaimu.

Ubaguzi wa dini katika ofisi ya umma hapa kwetu hauji kwa matusi. Unapita kwenye mambo ya kila siku ambayo hayana maandishi. Kwa hiyo mwongozo huu unamlenga mtu mwenye uwezo wa kuyawekea maandishi: mkuu wa idara, mkuu wa kitengo, afisa utumishi, mkuu wa shule, mganga mfawidhi. Mtumishi wa kawaida atakuta sehemu yake mwishoni.

Mifano mingi nimeitoa Moshi kwa sababu ni mji unaokutanisha watu wa imani nyingi mahali padogo. Makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) yako hapo, Jimbo Katoliki la Moshi liko hapo, Msikiti wa Riadha uko katikati ya mji, na wapo Wahindu na Makalasinga wenye mahekalu yao. Ukishuka Same unakuta Wasabato ambao kanisa lao liliingia nchini kupitia Giti, Upareni, mwaka 1903. Hayo niliyoyaandika yanafaa Arusha vilevile.

Hatua ya 1: Ijue sheria kiasi cha kuitaja kikaoni bila kubabaika

Mkuu asiyejua sheria hukimbilia busara yake binafsi, na busara ya Mlutheri wa Machame si lazima ilingane na ya Mwislamu wa Ugweno. Vifungu unavyohitaji ni vichache.

Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Wananchi wana dini zao, dola haina. Ibara ya 13 inapiga marufuku mtu kubaguliwa na mamlaka yoyote inayotekeleza kazi za Serikali, na dini imetajwa waziwazi pale Katiba inapoeleza maana ya kubagua. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Kipengele hicho cha mwisho wengi hukisahau, nacho ndicho kinachomlinda mtumishi aliyesilimu au aliyeokoka mwaka jana na sasa ananuniwa na wenzake wa zamani. Ibara ya 22 inampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi iliyo chini ya Mamlaka ya Nchi.

Kisha fungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7. Sheria hiyo inawahusu pia watumishi wa umma wa Tanzania Bara, isipokuwa walio Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na JKT. Inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja. Huu wa pili ndio unaowaponyoka wakuu wengi: ni ule utaratibu unaoonekana sawa kwa wote huku ukimuumiza mtu wa imani fulani peke yake, kama kuamua kwamba mafunzo yote ya idara yatafanyika Jumamosi. Sheria inamlinda hata mwombaji wa kazi ambaye bado hajaajiriwa, na inahesabu unyanyasaji kuwa ni aina ya ubaguzi. Zaidi ya yote, mtumishi akishaonyesha dalili za awali kwamba alibaguliwa, mwajiri ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kuwa haikuwa hivyo, au kwamba alikuwa na sababu nyingine halali. Kama huna karatasi ya kuonyesha, utathibitisha kwa nini?

Tanzania pia imeridhia, tangu mwaka 2002, Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani unaohusu ubaguzi katika ajira. Na Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma, zile ambazo ofisi nyingi zimezibandika ukutani, zinataja kutoa huduma bila upendeleo miongoni mwa mambo ya msingi.

Hatua ya 2: Orodhesha kila kitu ambacho ofisi yako inagawa

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua karatasi uandike kila kitu ambacho mtumishi anaweza kukipata au kukikosa kwa uamuzi wako: kukaimu, safari zenye posho, semina, ruhusa ya masomo, mapendekezo ya uhamisho, zamu za mwisho wa wiki, nyumba ya Serikali, kompyuta mpya, nafasi za vibarua, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mbele ya kila kimoja jibu mara ya mwisho aliamua nani, kwa kigezo gani, na kigezo hicho kimeandikwa wapi. Penye pengo, hapo ndipo upendeleo unapopenyea.

Angalia kukaimu. Mkuu wa kitengo anaanza likizo Jumatatu. Ijumaa jioni anapiga simu: "Mwambie yule kijana anishikie." Yule kijana anaimba naye kwaya, au wanakutana msikitini kila Alfajiri. Mkuu hamchukii yeyote. Anamwamini kijana kwa sababu anamjua nje ya kazi, na anamjua nje ya kazi kwa sababu wanasali pamoja. Inakuwa hivyo mwaka huu, inakuwa hivyo mwaka unaofuata. Nafasi ya mkuu wa kitengo inapotangazwa, kijana ana uzoefu wa uongozi na barua za kukaimu kwenye jalada lake. Wenzake wa cheo kilekile, wenye miaka mingi zaidi kazini, hawana hata moja. Ukipekua majalada yote hutakuta neno dini popote, na bado watu wawili au watatu wameshapoteza ngazi kwa sababu ya mahali wanaposali.

Dawa yake ni orodha ya kukaimu ya mwaka mzima. Iandae mwezi Julai mwaka wa fedha unapoanza, kabla hujajua nani atakuwa likizo lini. Taja vigezo: cheo, sifa za taaluma, muda katika kazi, matokeo ya tathmini ya utendaji. Weka majina kwa mzunguko, isomwe kwenye kikao cha idara, iingie kwenye muhtasari, nakala ibaki masijala. Ukilazimika kuiruka zamu ya mtu, andika mstari mmoja wa sababu. Mstari mmoja tu, lakini uandikwe siku hiyohiyo. Sababu zinazoandikwa baada ya malalamiko kufika huwa zinajulikana kwa harufu.

Kwa safari na semina fungua rejista yenye jina, tarehe, shughuli na idadi ya siku, na kila robo mwaka ikae mezani kwenye kikao. Nimeona ofisi ambayo manung'uniko ya miaka yalipungua mara rejista ya safari ilipoanza kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, kwa sababu waliokuwa wanakosa waliweza kuonyesha kidole kwenye mstari badala ya kunong'ona.

Utashawishika kuandika na dini ya kila mtu ili upime usawa. Usifanye hivyo. Swali la dini halijaulizwa kwenye sensa zetu tangu ile ya mwaka 1967, na ofisi yako haina sababu ya kuanzisha daftari ambalo Taifa liliamua kuliacha. Isitoshe utakosea. Mushi anaweza kuwa Mwislamu, Mmbaga anaweza kuwa Msabato, Mkatoliki au Mwislamu, na yupo Hamisi ambaye ni mwinjilisti. Linganisha mtu na mtu. Ukikuta maofisa wawili wa cheo kimoja, mmoja amesafiri kila mwezi na mwingine hajawahi, una swali la kujibu bila kujali kila mmoja anasali wapi.

Kuna historia nyuma ya manung'uniko haya, na mkuu anayetoka mkoa mwingine ni vizuri aijue. Wakatoliki walifungua misheni Kilema na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame miaka ya 1890, na shule zilifuata misheni. Kwa vizazi kadhaa njia ya kwenda kwenye kazi ya ofisi ilipita mlangoni mwa kanisa. Serikali ilizichukua shule nyingi za mashirika ya dini baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na sababu mojawapo ilikuwa kuwafungulia mlango watoto wa imani zote. Ndiyo maana mzee wa Kiislamu anapoona orodha ya walioteuliwa anaisoma majina kwanza, vyeo baadaye. Usimkasirikie. Mwonyeshe vigezo.

Hatua ya 3: Panga kalenda ya kazi ukiwa na kalenda ya ibada mkononi

Saa za kazi serikalini ni saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Migongano mingi ya ratiba inajulikana mwaka mzima kabla, kwa hiyo inaweza kupangiwa.

Swala ya Ijumaa inaangukia karibu na saa 7 mchana. Ukiacha kikao cha idara cha Ijumaa kianze saa 6, kila wiki utawalazimisha Waislamu wachague kati ya swala na mkuu wao. Hamishia kikao saa 2 asubuhi au siku nyingine. Kwenye dirisha la huduma weka zamu ya kupokezana ya Ijumaa kuanzia saa 6:30 hadi saa 8, iandikwe na majina, ili mwananchi aliyetoka Uru au Himo asikute kiti kitupu na karani asionekane mtoro. Watumishi wengine huo ndio muda wao wa chakula. Zamu ikipangwa vizuri hakuna anayebeba mzigo wa mwenzake.

Sabato huanza jua linapozama Ijumaa na kuisha linapozama Jumamosi. Kwa kuwa jua la Moshi huzama baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, siku ya kawaida ya kazi haina tatizo. Tatizo liko kwenye kazi za Jumamosi: semina, kampeni za chanjo, usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, usaili wa mchujo. Fanya hivi. Kwanza jiulize kama ni lazima iwe Jumamosi. Kama ni lazima, mpe Msabato sehemu ya kazi ileile inayofanyika Jumapili au siku za kati ya wiki: kuandaa vifaa, kujumlisha takwimu, kuandika taarifa. Mwombaji wa kazi akiandika mapema kuomba usaili wake usogezwe kwa sababu ya Sabato, mjibu kwa maandishi, usikae kimya mpaka siku ipite.

Sikukuu ndiyo mtihani mwingine. Desemba ya Kilimanjaro kila mtu anaijua: Wachaga wanarudi nyumbani, mabasi yanajaa, na kila mwenye familia mlimani anataka likizo kuanzia tarehe 20. Ofisi nyingi humaliza jambo kwa kuwaachia Waislamu zamu zote za Krismasi, kwa hesabu kwamba "wao hawana sikukuu". Kwa wauguzi na walinzi hili hutokea mwaka baada ya mwaka. Kubadilishana zamu ni jambo zuri likiwa la hiari na la pande mbili: anayeshika Krismasi ajue kwa maandishi nani atamshikia Idd. Na Idd el-Fitr inategemea mwandamo wa mwezi, kwa hiyo andaa ratiba mbili, moja kwa kila siku ambayo Idd inaweza kuangukia, usisubiri tangazo la usiku ndipo uanze kupiga simu.

Haya yote yana kikomo. Kukitokea mlipuko wa ugonjwa au mafuriko, anayehitajika anahitajika. Sheria inatambua mahitaji halisi ya kazi. Ila useme ni hitaji gani, uliandike, na liwaguse wote walio kwenye nafasi hiyo kwa mzunguko, lisiwe linamwangukia yuleyule.

Hatua ya 4: Toa ibada kwenye mamlaka ya ofisi

Katika shughuli za kitaifa tumezoea kusikia shehe anaomba, kisha padre na mchungaji. Utaratibu huo umetufaa. Tatizo ni kikao cha Jumatatu cha watu kumi na wawili ambapo mkuu anasema "tusimame tuombe", anaomba yeye mwenyewe kwa namna ya dini yake, na mtumishi wa dini nyingine anasimama akitazama viatu vyake. Hawezi kutoka, maana atakuwa amejitangaza. Akibaki, ameshiriki kwa kulazimishwa.

Ushauri wangu ni mfupi: kikao cha kazi kianze na ajenda. Anayetaka kuomba kabla aombe mahali pake. Watumishi wanaokutana kwa sala ya asubuhi wakutane kabla ya saa 1:30, kwa hiari, mkuu wa ofisi asiwe ndiye kiongozi wala mwandika mahudhurio, na chumba wanachopewa kiwe wazi kwa kundi jingine likiomba. Ukiwapa walokole ukumbi wa mikutano halafu ukawanyima Waislamu kona ya kuswalia Adhuhuri, umeshabagua kwa kutumia ufunguo wa Serikali.

Kundi la WhatsApp la idara ni ofisi. Mahubiri ya asubuhi, klipu za mihadhara ya kulinganisha dini, picha za "usipotuma kwa watu kumi": vyote vina makundi yake kwingine. Mkuu atoe maelekezo mara moja, kwa upole, na yeye awe wa kwanza kuyafuata. Akivunja yeye, hakuna atakayemkumbusha.

Michango nayo inahitaji macho. Moshi ni mji wa kipaimara na komunyo. Kadi za mchango huzunguka ofisini msimu mzima. Kuchangiana ni utu wetu na sipendi ofisi ambayo watu hawachangiani. Kinachokatazwa ni orodha inayopitishwa na katibu wa mkuu wa idara ikiwa na kiwango mbele ya kila jina, au mchango wa jengo la kanisa la bosi unaokatwa "kwa makubaliano". Mchango wa dini usipite kwenye mikono ya mtu anayejaza tathmini yako ya utendaji.

Hatua ya 5: Chakula cha pamoja

Sherehe ya kumuaga mstaafu ikiwa na kitimoto na bia peke yake ina maana kwamba wapo ambao hamkuwataka. Utaratibu wa zamani wa vijiji vyetu bado unafaa: mbuzi achinjwe na Mwislamu ili wote wale sufuria moja. Anayetaka vingine apikiwe kwa vyombo na jiko tofauti, vikae meza tofauti. Wapo pia Wahindu wasiokula nyama na Wasabato wasiogusa nguruwe. Muulize mpishi awe na maharage, ndizi na mboga zisizopikwa kwa mafuta ya nyama. Semina ikiangukia Ramadhani, aliyefunga apewe posho ya chakula au futari badala ya kuandikwa kuwa amekula. Na usimchunguze anayekula mchana. Mwislamu anaweza kuwa mgonjwa, mjamzito, au ana sababu zake. Kumzomea mwenzako wa dini yako kwamba "mbona hufungi" ni unyanyasaji kama mwingine.

Hatua ya 6: Mavazi

Bango la mavazi lililoko mlangoni linahusu stara na heshima ya ofisi. Hijabu, kilemba cha Kalasinga, baraghashia, rozari shingoni, hakuna kinachozuia kazi ya mezani. Maabara, jikoni na chumba cha upasuaji kuna masharti ya usafi na usalama, na hapo tafuta kitambaa kinachoruhusiwa kabla ya kukataza. Ukaguzi wa sura ya mwanamke aliyejifunika ufanywe na mwanamke, pembeni.

Hatua ya 7: Usaili, fomu na barua za wadhamini

Ajira za kudumu siku hizi hupita Sekretarieti ya Ajira kwa mfumo wa mtandaoni, na hilo limepunguza mengi. Nafasi za mikataba ya muda, vibarua na mafunzo kwa vitendo bado zinaamuliwa hapa hapa, na ndiko kuna mianya.

Kabla ya usaili jopo liandike maswali na alama zake, kila mwombaji aulizwe yaleyale. Maswali ya wapi anasali, ameokoka lini, mume wake ni dini gani, ataweza kufanya kazi Ijumaa mchana: yafutwe. Kama kazi ina zamu za wikiendi, waambie wote ratiba ilivyo na waulize wote kama wataimudu. Barua ya padre au shehe kama mdhamini isiwe sharti wala isiongeze alama.

Pitia na fomu zenu za ndani. Fomu nyingi zina kisanduku cha dini kwa sababu tu mtu alinakili fomu ya zamani. Hospitalini kina matumizi, kwa ajili ya huduma za kiroho na mazishi. Kwenye fomu ya kuomba nyumba ya Serikali kinafanya nini? Kiondoe.

Hatua ya 8: Dirisha la mwananchi

Mwananchi naye hubaguliwa, na mara nyingi hajui pa kusemea. Panapohitaji uangalizi wa pekee ni maombi ya viwanja na vibali vya ujenzi wa nyumba za ibada, na vibali vya mikutano ya injili na mihadhara. Tumia rejista moja kwa wote, kwa tarehe ya kupokelewa, na masharti yaleyale ya sauti, muda na mipaka. Anayekataliwa aandikiwe sababu. Ofisa ambaye ni mzee wa kanisa au mjumbe wa kamati ya msikiti unaoomba ajitoe kwenye faili hilo, amwachie mwenzake. Ukimwomba ajitoe usimfanye aone ametuhumiwa. Mweleze kwamba ni kumlinda na yeye.

Hatua ya 9: Malalamiko yakija

Wakuu wengi hukosea hapa kwa wema. Mtumishi analalamika kuwa anaitwa gaidi kila anapovaa kanzu, au kwamba uvumi umeenezwa ofisini kuwa yeye ni Freemason kwa sababu hasali popote. Mkuu anawaita wote wawili, anawaambia "nyie ni ndugu, yamalizeni", wanapeana mikono, jalada halifunguliwi. Wiki ijayo maneno yanarudi kwa sauti ya chini zaidi. Au mkuu anamhamisha mlalamikaji "ili apumzike", na ofisi nzima inajifunza kwamba anayesema ndiye anayeondoka.

Utani nao una nafasi yake. Wapare na Wachaga wanataniana tangu zamani na dini huingia humo. Kipimo changu ni kimoja: mtaniwa anaweza kujibu? Mhudumu wa ofisi hawezi kumtania mkuu wa idara kuhusu dini yake. Basi mkuu wa idara naye hana haki ya utani huo.

Malalamiko yaandikwe kwenye rejista siku yanapofika, hata yakiletwa kwa mdomo. Msikilize mlalamikaji peke yake, kisha mtuhumiwa peke yake, kisha waliokuwepo. Uliza mambo ya kushikika: nini kilisemwa, lini, mbele ya nani, nini kiligawiwa, kwa nani, kwa kigezo gani. Usiulize nani ana haki kidini, na usimwite shehe wala mchungaji kusuluhisha. Hili ni jambo la utumishi. Toa jibu kwa maandishi. Kosa dogo la kwanza litoshe onyo na maelekezo. Likirudiwa, au likiwa limemnyima mtu haki, hatua za nidhamu zifuate Sheria ya Utumishi wa Umma na kanuni zake. Maneno ya kukusudia kuumiza hisia za dini ya mtu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo yapo mambo ambayo hayaishii ofisini kwako.

Kama wewe ndiye uliyebaguliwa

Anza na daftari. Andika tarehe, saa, maneno kama yalivyosemwa, waliokuwepo. Hifadhi picha za ujumbe wa WhatsApp. Tafuta mwenzako wa cheo chako aliyepata ulichonyimwa, maana ulinganisho ndio unaojenga dalili za awali ambazo sheria inazitaka.

Andika barua kwa mkuu wako, nakala kwa afisa utumishi. Kama mkuu ndiye mlalamikiwa, nenda juu yake: mkurugenzi wa halmashauri, au Katibu Tawala wa Mkoa. Mshirikishe kiongozi wa tawi la chama chako cha wafanyakazi, iwe TALGWU, TUGHE au CWT, na jambo linalowagusa wengi lipelekwe Baraza la Wafanyakazi. Uamuzi wa kinidhamu usioridhika nao unakatiwa rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45 tangu ulipoupokea; walimu wana Tume yao ya Utumishi wa Walimu. Usikimbilie moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka mtumishi amalize kwanza njia zilizo ndani ya sheria hiyo, na mashauri mengi yametupwa kwa kuruka hatua hii. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za Serikali, na mwananchi wa kawaida aliyenyimwa huduma anaweza kuitumia.

Watu wa Arusha huuliza kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwa kuwa iko mjini kwao. Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililomruhusu mtu binafsi kuishtaki moja kwa moja mahakamani hapo, na kuanzia Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Nguvu zako zipeleke kwenye njia za ndani.

Barua yoyote unayopeleka, ipeleke masijala ikiwa na nakala mbili. Moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Siku 45 zikianza kubishaniwa, tarehe ya kwenye muhuri ndiyo itakayoangaliwa.